Hasimu si mshindani aliyezidishiwa ukali

Swali la msomaji: "Nimeanza mwaka huu kuandika habari za michezo katika redio moja ya mkoani. Niliandika, 'Mahasimu Simba na Yanga wanashuka dimbani Jumamosi,' mhariri akafuta 'mahasimu' akaweka 'watani wa jadi'. Wiki hiyo hiyo nikatumwa kuripoti mgogoro wa viongozi wawili wa chama cha ushirika wanaoshtakiana mahakamani, nikawaita 'watani wa jadi katika ushirika huo'. Akafuta, akaweka 'mahasimu', akacheka na kwenda zake. Siku nyingine niliandika, 'Bondia huyo alimshinda hasimu wake kwa pointi,' akaiacha ilivyo. Naomba kuelezwa neno hasimu lina maana gani hasa na linatumika wapi. Je, wingi wake ni mahasimu au wahasimu?"

Ndugu yangu, mhariri wako alifuta sawasawa mara mbili, na mara ya tatu huenda alipitiwa. Tatizo ulilonalo si lako peke yako, kwa maana wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mshindani, mpinzani, hasimu na adui ni vipandio vya ngazi moja, na kwamba mwandishi akitaka kuongeza pilipili katika habari yake anapanda kipandio kimoja juu. Maneno haya hayakupangwa kwa ukali. Kila moja linataja uhusiano wa aina yake kati ya watu, na uhusiano wa mahasimu una sharti ambalo mengine hayana: lazima pawepo jambo linalogombewa, na jambo hilo liwe bado halijamalizwa.

Sharti hilo limo katika asili ya neno lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, kwenye neno khasm, na wazee wa Unguja na Mombasa wanaotamka kh bado husema khasimu kama wasemavyo kheri na khabari, ilhali maandishi sanifu yamelibakizia h tupu. Katika Kiarabu khasm si lazima awe mtu mkali wala mwenye chuki. Ni upande mmoja katika shauri, yaani mtu anayesimama mbele ya kadhi akidai kile ambacho mwenzake naye anakidai. Aliyesoma Kurani atakumbuka kisa cha Nabii Daudi katika Sura Sad, kuanzia aya ya 21, pale watu walipopanda ukuta wakamwingilia katika mihrabu hata akashtuka, nao wakamwambia asiogope kwa kuwa wao ni khasmani, mahasimu wawili waliokuja kuamuliwa. Mmoja alikuwa na kondoo majike tisini na tisa, mwingine alikuwa naye mmoja tu, na yule wa tisini na tisa alimtaka hata huyo mmoja. Hakuna aliyechomoa upanga mbele ya Daudi. Walikuwa na jambo linalotajika na linalohesabika, na kila mmoja alimhitaji mwenzake awepo ili shauri lisikilizwe. Ukilifahamu neno kwa kisa hicho, hutawaita watu mahasimu kabla hujaweza kujibu swali moja dogo, kwamba kondoo wao ni yupi.

Wale wenye jamaa zao Muscat au Dubai watanikumbusha kwamba huko neno hilo hilo limebandikwa kwenye vioo vya maduka, na ni kweli, kwa sababu Kiarabu cha leo hulitumia khasm pia kwa maana ya punguzo la bei, hivyo mtu anaweza kuona khasm ya asilimia 50 juu ya viatu pasipo mtu yeyote kugombana. Kiswahili hakikuichukua maana hiyo, nasi tunaiacha huko huko dukani.

Kuhusu umbo la neno nitakuwa mfupi. Umoja ni hasimu na wingi ni mahasimu, katika upatanisho wa viumbe hai: hasimu huyu amekuja, mahasimu hawa wamekuja. Wahasimu na mhasimu huzuka pale msemaji anapohisi kwamba kila mtu lazima avae m- na wa-, lakini hatusemi mwadui na wadui, tunasema adui na maadui, na hasimu ameingia kwa mlango huo huo. Katika umilikishi, magazeti mengi huandika hasimu wake na mahasimu wake, tofauti kidogo na adui, ambalo hufuata mkumbo wa rafiki na ndugu: adui yangu, maadui zangu. Hali yenyewe huitwa uhasama, na kitenzi chake kinachosikika zaidi ni kuhasimiana, ambacho, kama unavyoona, kimevaa kiambishi cha kutendana. Ndicho kilichozaa ule msemo wa taarifa za habari wa pande zinazohasimiana, ambao umefupishwa hata ukawa pande hasimu, makundi hasimu, kambi hasimu, neno likigeuka kivumishi kisichobadilika. Tangu vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF, sidhani kama imepita wiki bila redio kutamka pande hasimu, na hapo limekaa mahali pake, maana pande ni mbili, zinajulikana, na kinachogombewa kinajulikana.

Kutendana huko ndiko kunakomtenga hasimu na adui. Uadui unaweza kuwa wa upande mmoja, na adui si lazima awe mtu. Mwalimu Nyerere alipotutajia maadui watatu wa taifa, yaani ujinga, umaskini na maradhi, hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu maradhi yanaweza kuwa adui yako hata kama hayajui jina lako. Jaribu sasa kusema kwamba malaria ni hasimu wa taifa, na utasikia sentensi ikichechemea. Malaria haina dai, haiwezi kuitwa barazani, na hakuna mzee atakayewakalisha ninyi wawili mkekani awasikilize. Vivyo hivyo nyoka ni adui wa kuku wala si hasimu wake.

Jirani mwingine wa kuangaliwa ni hasidi, ambaye kwa wasomaji wa haraka hufanana na hasimu kama pacha, ingawa hawana hata babu mmoja. Hasidi ametoka katika shina jingine la Kiarabu lenye maana ya kuona kijicho, ndilo lililotupa pia husuda na hasada. Kanga za pwani zimeshamaliza kazi ya kumwelezea kwa maneno matatu, hasidi hana sababu, na maneno hayo yanafaa kupimia hapa, kwa kuwa hasimu ni mtu ambaye hana budi kuwa na sababu. Jirani anayenuna kwa sababu umepaka nyumba yako rangi ni hasidi. Jirani anayedai kwamba ukuta ulioupaka rangi umeingia futi mbili katika kiwanja chake ni hasimu, naye anaweza kuwa mtu mwema kabisa ambaye hata anaswali nawe msikiti mmoja.

Mshindani na mpinzani hawahitaji maneno mengi. Mshindani ni mtu wa kushindana, na kinachotakiwa ni wote wawili kukimbilia kitu kimoja ambacho hakiwatoshi: kombe, mteja, kura, nafasi ya masomo. Wanaweza wasijuane kabisa. Mpinzani ni mtu aliyeketi upande wa pili, na neno hili linataja zaidi kiti kuliko moyo, ndiyo maana baada ya vyama vingi kurudi Tanzania mwaka 1992 tulipata kambi ya upinzani bungeni, ambayo wajumbe wake walibishana na mawaziri asubuhi na kunywa nao chai mchana katika kantini moja. Kwenye ndondi na karata, mpinzani ni yule aliyekukalia mbele leo tu, na kesho atakuwepo mwingine.

Ukitaka kipimo cha haraka cha kutumia mezani wakati saa ya taarifa imekaribia, tazama ni mtu gani wa tatu anayehitajika. Washindani wanahitaji mwamuzi, naye akishapuliza filimbi ya mwisho kazi imekwisha. Mahasimu wanahitaji msuluhishi, maana filimbi haimalizi chochote, na kwa kawaida huwa imeshapulizwa zamani. Tazama vitenzi vinavyoandamana na neno katika habari za kila siku: mahasimu hupatanishwa, huridhiana, hukutanishwa uso kwa uso, humaliza au huzika uhasama wao. Hakuna mtu anayewapatanisha wakimbiaji wawili wa mbio za mita 1,500.

Kipimo hicho ndicho kinacholifanya hasimu likae vizuri mno katika siasa. Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono kwenye ngazi za Harambee House jijini Nairobi tarehe 9 Machi 2018, vyombo vya habari vya Kiswahili viliwaita mahasimu wa kisiasa, na havikukosea, kwa sababu shauri la uchaguzi wa mwaka 2017 lilikuwa bado linafukuta, na wiki chache tu kabla, tarehe 30 Januari, Odinga alikuwa amejiapisha mbele ya wafuasi wake katika bustani ya Uhuru Park. Zanzibar nako, Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, neno lililotawala baada ya hapo lilikuwa maridhiano, ambalo ni neno la watu waliokuwa mahasimu na si la watu waliokuwa wakishindana tu. Maridhiano hayo yalikwenda hadi kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Angalia pia jinsi waandishi wanavyosema hasimu wake wa zamani baada ya mapatano. Hilo linawezekana kwa kuwa uhasama una mwisho, ambao ni siku ya kumalizwa kwa jambo lenyewe.

Sasa nije kwa watani, ambako naona ndiko ulikojikwaa zaidi, na sikulaumu, maana neno hili limetumika sana kwenye mpira hata vijana wa mjini wamesahau kwamba utani ulikuwepo kabla ya mpira.

Utani ni mkataba baina ya makabila au koo, na una haki na wajibu. Baadhi ya utani ulizaliwa njiani, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao misafara ya wapagazi kutoka bara iliwakutanisha kila ilipoelekea pwani. Mwingine ulizaliwa vitani, kama wa Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali katika karne ya 19 na ambao wajukuu zao leo wanatukanana kwa raha harusini. Mtani ana ruhusa ya kukuambia ambalo kwa ndugu yako si halali, kuchukua kitu chako bila kuomba, na kukuharibia utulivu pale ambapo watu wengine wanatakiwa kunyamaza. Kwa upande wa pili, ana kazi ambazo hawezi kuzikwepa, na nyingi kati ya hizo ni za msibani.

Miaka mingi iliyopita nilikwenda kuzika Kisarawe, kwenye msiba wa Wazaramo. Jeneza lilikuwa limeshafika na kaburi lipo wazi, mara mzee mmoja Mnyamwezi, mtani wa wafiwa, akavua kandambili zake, akazipanga vizuri pembeni, akashuka kaburini na kujilaza chali na macho ameyafumba, kisha akatangaza kutoka humo ndani kwamba nyumba imeshapata mpangaji na marehemu arudishwe kwao. Watoto wa kiume wa marehemu, ambao muda mfupi kabla walikuwa wamejiinamia na nyuso zimewavimba, walianza kumtukana huku wakicheka. Wakampa noti, akazikataa kwa kuwa zimekunjika. Wakampa nyingine, akadai kwamba hiyo ni kodi ya mwezi mmoja. Alipopanda hatimaye, akiwa na mchanga kichwani, alikuwa wa kwanza kushika jembe la kufukia, na baadaye niliambiwa kwamba yeye na wenzake wawili ndio walioamka alfajiri kulichimba kaburi lile.

Huyo ndiye mtani. Ukimwita hasimu, utakuwa umemtusi yeye na wafiwa pamoja, kwa maana utani, hasa ule uliozaliwa vitani, ni uhasama ambao umeshalipwa. Jambo lililogombewa limekwisha, limebaki deni la kuchokozana ambalo pande zote mbili hazitaki limalizike. Kwa hiyo watani hawahitaji mwamuzi wala msuluhishi, na atakayejitia kuwasuluhisha atachekwa na wote.

Ndiyo maana magazeti yalipowapa Simba na Yanga jina la watani wa jadi yalikuwa yamepata neno lenye kipimo chake. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote mbili Kariakoo jijini Dar es Salaam, moja ikiwa na makao yake Jangwani na nyingine mtaa wa Msimbazi, mwendo ambao mtu anaumaliza kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Simba yenyewe ilipita majina kadhaa, likiwemo Sunderland, kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Katika nyumba moja utamkuta baba ni wa Msimbazi, mama ni wa Jangwani, na watoto wamegawana. Shabiki wa Simba aliyezaliwa juzi atakutajia 6-0 za mwaka 1977 kama mtu aliyekuwa jukwaani, au 5-0 za tarehe 6 Mei 2012. Wa Yanga atakujibu kwa 5-0 za mwaka 1968, na kama hana muda wa kuongea atakunyanyulia tu vidole vitano, maana 5-1 za tarehe 5 Novemba 2023 bado mbichi. Wa Simba wanawaita wa Yanga vyura, wa Yanga wanawaita wa Simba makolo, na Jumatatu wanakaa kiti kimoja cha daladala. Zaidi ya yote, kila mmoja anajua kwamba mwenzake akifa naye ataugua. Hiyo ni sifa ya watani, wala huikuti kwa mahasimu, ambao kila mmoja angefurahi mwenzake ajiondoe katika shauri.

Naona Kiswahili kina mazoea ya kuwapa washindani wakali majina ya udugu, mazoea ambayo hayakuishia Tanzania. Kule Kenya, Gor Mahia iliyoanzishwa mwaka 1968 na AFC Leopards iliyoanzishwa mwaka 1964 zikikutana, watu huiita dabi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya, ambao ndio shina la mashabiki wa timu hizo, wameoana kiasi kwamba haiwezekani kumzomea mtu uwanjani bila kuhatarisha chakula cha sikukuu. Hata ndani ya nyumba ya mitara, ambako ugomvi hauhitaji kutafutiwa sababu, lugha haikuwaita wanawake wawili mahasimu, iliwaita wake wenza. Katika muziki wa dansi, Msondo na Sikinde wamegombea mashabiki wa Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, tangu Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ilipoanzishwa mwaka 1978 na kuchukua wanamuziki waliotoka upande wa pili. Hao nao waliitwa watani wa jadi, na ni haki yao, kwa sababu Muhidin Maalim Gurumo aliimba pande zote mbili katika maisha yake na hakuna aliyemwita msaliti kwa muda mrefu. Mtu anaweza kuhama kutoka kwa mtani kwenda kwa mtani, lakini kuhama kutoka kwa hasimu kwenda kwa hasimu mwingine kuna jina jingine lisilopendeza.

Haya yote hayana maana kwamba mahasimu ni marufuku katika habari za Simba na Yanga. Utani nao huvunjika, na unapovunjika mwandishi mwaminifu anatakiwa kuonyesha kwa neno lake kwamba umevunjika. Mchezo wao uliopangwa tarehe 8 Machi 2025 haukuchezwa. Simba walilalamika kwamba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia siku ya mchezo, Bodi ya Ligi ikauahirisha, Yanga wakapinga kuahirishwa huko, barua zikafuata barua, na shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne, kabla ya timu kukutana tarehe 25 Juni na Yanga kushinda 2-0. Katika miezi ile mwandishi aliyeandika mahasimu alikuwa amelirudisha neno nyumbani kwake, mbele ya kadhi, penye pande mbili na jambo linalotajika. Aliyeendelea kuandika watani wa jadi katika habari ya shauri lile alikuwa akiandika kwa mazoea ya vidole. Tofauti hiyo wasikilizaji wako wanaisikia hata kama hawawezi kuieleza.

Nikiri pia kwamba utakutana na mahasimu wa jadi, ambayo ni mseto wa misemo miwili, na utakutana nayo hata kwa waandishi ninaowaheshimu, hasa wanapoandika juu ya Real Madrid na Barcelona. Siipigi vita, kwa sababu Madrid na Barcelona hawana utani wa kwetu, na ugomvi wao umebeba siasa za Hispania ambazo hazijafungwa hadi leo. Lakini kwa timu mbili za wilaya zilizokutana mara tatu, neno jadi lenyewe ni zito mno, achilia mbali hasimu. Katika biashara nako tumia washindani mpaka pale utakapoona kondoo. Kampuni mbili zinazouza soda zinashindana. Adolf na Rudolf Dassler wa mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, ndugu wa tumbo moja waliovunja kampuni yao ya viatu mwaka 1948 na kuacha Adidas upande mmoja na Puma upande mwingine, hao walikuwa mahasimu hadi makaburini, ambako walizikwa pande mbili tofauti za makaburi yale yale.

Vijana wenzako wa mtaani wameshajipatia neno lao, bifu, na wakisema wasanii wawili wana bifu wanamaanisha kitu kilicho karibu sana na uhasama, maana bifu nayo lazima iwe na kisa, na watu huulizana chanzo chake. Lina raha yake katika kipindi cha burudani. Katika taarifa ya habari ya saa mbili usiku lingekufanya usikike kama mtu aliyeingia msibani na kofia ya sherehe, kwa hiyo hapo uhasama ndio unaofaa. Usije ukalibadilisha kwa ugomvi kila mara, kwa sababu ugomvi unaweza kuzuka na kwisha katika foleni ya maji, ilhali uhasama huamka nao asubuhi ya pili.

Turudi kwenye sentensi zako. Ile ya kwanza ilikuwa taarifa ya mchezo wa kawaida wa ligi, wala hukutaja shauri lolote, kwa hiyo watani wa jadi ndiyo sahihi, na hata "Simba na Yanga wanashuka dimbani Jumamosi" bila sifa yoyote ingetosha, maana hakuna msikilizaji anayehitaji kukumbushwa wao ni nani kwa nani. Ile ya pili ilihusu viongozi wawili wa ushirika mmoja wanaoshtakiana mbele ya hakimu, na kwa jinsi neno lilivyozaliwa huwezi kupata mahasimu halisi kuliko hao. Ulipowaita watani, ulimwambia msikilizaji kwamba wanachezeana, wakati wanachama wa ushirika huo hawaoni mchezo wowote, na nadhani ndicho kilichomchekesha mhariri. Ya tatu inategemea jambo ambalo hukulitaja katika barua yako. Kama mabondia hao walikutana siku hiyo kwa sababu promota aliwapanga, aliyeshindwa alikuwa mpinzani wake, basi, na sentensi isomeke, "Bondia huyo alimshinda mpinzani wake kwa pointi." Kama ni wale waliowahi kunyang'anyana mkanda kwa uamuzi wenye utata, wakaandikiana barua za malalamiko na kutupiana maneno siku ya kupima uzito, basi hasimu na abaki, ila aya inayofuata ieleze walikuwa wakigombea nini kabla hawajapanda ulingoni.